Marehemu Muyaka bin Haji na Madiko ya Mvita

Mgeni akija Mombasa akataka kuonyeshwa taarikhi ya mji, aghalabu hupelekwa Ngomeni. Hulipa kiingilio, akatembezwa juu ya kuta, akaonyeshwa mizinga, akaambiwa ya kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ya kuwa Waarabu wa Omani waliizingira miezi thalathini na mitatu hata wakaitwaa mwezi wa Disemba 1698. Yote hayo ni kweli, nami sina ugomvi na wanaoyasimulia. Lakini mgeni wangu mimi humteremsha kwanza dikoni, akakanyaga mchanga wenye unyevu na akatazama maji yalivyo karibu na milango ya watu, ndipo nikampandisha juu. Desturi hii nimeishika kwa ajili ya mtu mmoja, marehemu Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mvita, ambaye maisha yake siyaoni yakieleweka vyema kwa mwenye kutazama kutoka ukutani tu.

Huenda baadhi ya vijana wetu neno hili diko hawalitumii tena, kwa hivyo nilieleze. Diko ni mahali pa kupandia na kushukia vyombo, pa kuvipweleza ili vitengenezwe, na pa kuvishua majini. Diko halina mwenyewe. Ni la mvuvi na la tajiri, la mwenyeji na la aliyefika jana na pepo za kaskazi, kama kilivyo kisima cha msikiti. Kisiwa cha Mvita hakikuwa mji wa mlango mmoja. Mitaa ya ufuoni ilikuwa na njia zake za kuteremkia majini, na habari za dunia ziliingia kwa njia hizo kabla hazijafika barazani.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mwalimu wetu, ambaye kwa bakora hakuwa na msamaha, alikuwa na siku moja tu ya kutufungua mapema bila ya kuombwa, nayo ni siku ya kushua chombo. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Fundi hungoja bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Chombo kimekwisha kukalafatiwa kwa pamba, chini kimepakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na juu kimepakwa sifa hata mbao zinang'aa. Magogo yamelazwa mchangani. Husomwa Fatiha, ubani hufukizwa, na sinia ya halwa huzungushwa. Kisha kamba hunyoshwa, na hapo ndipo nilipostaajabu kila mara: mwenye duka alikuja na kanzu yake, hamali akaja na jasho lake, sharifu akapandisha mikono, na wote wakashika kamba ile ile. Hakuna aliyeitwa kwa jina. Aliyekuwa njiani akapita bila ya kushika, alionekana.

Basi huo ndio ulimwengu aliozaliwa Muyaka, yapata mwaka 1776, ila wakati huo mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mji ulikuwa chini ya Wamazrui, waliokuja kuwa maliwali kwa niaba ya Omani, kisha katika miaka ya 1740, baada ya Mabusaidi kushika enzi kule, wakakataa kuwatii. Kwa hivyo Mvita ilijitawala. Wamazrui walikaa Ngomeni, nao Tisa Taifa na Tatu Taifa, ndio Waswahili wenyewe wa mji, walikuwa na masheikh wao, na hapana liwali aliyeweza kutawala bila ya ridhaa yao. Vyombo vya Arabuni na Hindi vilishuka na kaskazi vikarudi na kusi. Mitepe ya kushonwa kwa kamba, isiyokuwa na hata msumari mmoja, ilikuja kutoka visiwa vya upande wa Lamu. Mpunga na nafaka nyingine zilitoka Pemba. Pembe za ndovu zililetwa na Wamijikenda kutoka bara.

Yasimuliwa kwamba Muyaka alikuwa mtu wa biashara, akisafiri kwa vyombo katika mwambao huu, leo ana mali na kesho hana. Jambo hili mimi naliona kubwa kuliko wanavyoliona wengi. Washairi waliomtangulia, hasa wa Pate na Lamu, walikuwa aghalabu wanazuoni, na tungo zao zilikuwa za dini na mawaidha. Katika umri wa Muyaka mwenyewe alikuwapo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, akiyalilia majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Muyaka alikuwa Muislamu safi, lakini ushairi aliutoa msikitini akaupeleka sokoni na barazani. Alitunga juu ya vita na siasa, juu ya mapenzi na ugomvi wa nyumbani, juu ya deni, juu ya rafiki aliyegeuka. Alitumia beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, kina cha kati na kina cha mwisho, na bahari hiyo aliimudu hata ikawa kana kwamba imezaliwa naye. Mpaka leo sisi tunaotunga mashairi kwa kanuni hizo twatembea katika nyayo zake, tukijua tusijue.

Na maneno yake ni ya mtu aliyekaa na mabaharia. Jambo la tanga na usukani, la pepo kugeuka, la chombo kupanda mwamba, kwake halikuwa pambo la kutafutwa. Aliwahi kungoja upepo akiwa na shehena ya watu mabegani. Mtu wa namna hiyo akisema juu ya utawala kwa mfano wa nahodha, watu wa dikoni humwelewa papo hapo, nao ndio waliobeba mashairi yake mji kwa mji. Hayakuhitaji kitabu. Chombo kikishuliwa Mvita leo, beti huenda ikafika Pemba kabla ya nanga.

Ngomeni nako alikuwa na heshima. Maliwali walimpenda, naye aliwapenda, na hapa sina budi kusema kweli ijapokuwa ni babu yetu katika fani: Muyaka hakuwa mtu wa kukaa kati. Alikuwa na upande. Aliusifu mji wake, ambao kwa jina lake la kale aliuita Kongowea, na aliwakejeli maadui zake bila ya huruma. Yapata mwaka 1812, Mombasa ilifanya shauri moja na Pate kuivamia Lamu. Wakati huo liwali alikuwa Ahmad bin Muhammad al-Mazrui, mtu mzima aliyekwisha kutawala miaka thelathini. Muyaka alirusha mashairi yake upande wa Lamu, na upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga, mwenye ulimi usiopungua makali. Walijibizana. Sisi leo twafurahia majibizano hayo kama mchezo wa hodari wawili. Nyuma yake kulikuwa na watu wa kufa.

Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela, kwenye ufuo ule wa mchanga mweupe ambapo leo watalii huota jua. Walamu wakatoka kuwakabili, wakawashinda. Waliosalia walikimbilia vyombo vyao, na hapo ndipo msiba ulipokuwa. Maji yalikuwa yamepwa. Vyombo vililala mchangani, vizito, havishuliki. Mtu aliyewahi kuvuta kamba siku ya kushua anaelewa maana yake: kwa bamvua, kwa magogo, kwa mji mzima na kwa nyimbo, chombo huenda kwa shida, seuze kwa watu waliochoka, wanaofukuzwa, na bahari imewaacha. Waliuawa hapo hapo penye vyombo. Yasimuliwa kwamba kwa miaka mingi upepo ulipoondoa mchanga wa Shela ulifunua mifupa.

Nimesimama Shela zaidi ya mara moja nikamfikiri Muyaka. Je, aliposikia habari, alikuwa wapi? Nadhani alikuwa Mvita, na nadhani alizisikia dikoni kama walivyozisikia wote, kwa kuhesabu vyombo vinavyorudi na kuona ni vichache. Wanawake hushuka ufuoni siku kama hizo. Taarikhi haikutuandikia hayo, na mimi siyadai kuwa ni taarikhi. Lakini sijui njia nyingine ambayo mji wa kisiwani ungeweza kupata habari ile.

Matokeo ya Shela ndiyo yaliyoamua umri wake uliobaki. Walamu, wakiogopa kisasi, walimwandikia Sayyid Said bin Sultan wa Maskati awakinge. Naye alikubali, akapata nanga ya kutia katika pwani hii. Ahmad bin Muhammad alikufa mwaka 1814, akafuata mwanawe Abdallah, ambaye yasimuliwa kwamba badala ya ushuru alimpelekea Sayyid Said vazi la vita la chuma, baruti kidogo, risasi na kibaba cha kupimia. Kila mtu alielewa. Said hakuwa mtu wa haraka. Mnamo 1822 na 1823 watu wake waliitwaa Pemba, na Mvita ikakatwa mkono wake wa chakula. Kwa mji ulioleta nafaka yake kwa bahari, hilo lilikuwa pigo kuliko mzinga.

Ndipo Wamazrui wakatafuta ngao kwa Waingereza. Waliishona bendera ya Kiingereza wao wenyewe, wakaipandisha Ngomeni kabla hawajapewa. Manowari Leven, nahodha wake William Fitzwilliam Owen, iliingia Mombasa mwezi wa Februari 1824, naye Owen akakubali kuuweka mji chini ya himaya, ingawa serikali yake haikumtuma. Aliacha kijana mmoja wa kizungu, Luteni Reitz, kuwa mkubwa wa mahali. Haikupita miezi minne, Reitz akafa kwa homa katika safari ya Pangani. Jina lake limebaki katika ghuba ya Port Reitz, ambayo wengi huitaja kila siku wasijue kwamba ni jina la maiti wa ugenini. Baada yake akakaa Luteni Emery, mpaka mwaka 1826 himaya hiyo ilipoondolewa. Jumba la Leven liko mpaka leo mwisho wa Ndia Kuu, na karibu yake Ngazi za Leven zinateremka mpaka majini. Wageni huzipiga picha ngazi hizo. Mimi huwaambia wateremke mpaka ya mwisho, wageuke, na wautazame mji kutoka hapo, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyoonekana na kila aliyeuingia kwa bahari, rafiki na adui.

Januari 1828 akaja Sayyid Said mwenyewe, na manowari zake, mmojawapo ikiwa ni Liverpool, merikebu ya mizinga sabini na minne. Mvita haikupata kuona kitu kama hicho. Ilipigwa, kukafanywa sulhu, na askari wa Kibuluchi wakaingizwa Ngomeni. Lakini Said alipoondoka, watu wa mji waliwazingira Wabuluchi hao hata njaa ikawatoa. Alirudi mwisho wa 1829, akashindwa. Alirudi 1833, akashindwa. Katika miaka hiyo Muyaka alikuwa amekwisha kupita hamsini, umri wangu mimi, na ulimi wake ulikuwa silaha ya mji. Aliwatia watu moyo, akawakumbusha walikuwa nani, akawatahadharisha na wale wanaopokea barua usiku. Liwali wa wakati huo, Salim bin Ahmad, alikuwa na bahati ya kuwa na malenga wa namna hiyo na kuta za namna ile kwa pamoja.

Kilichoishinda Mvita mwishowe si mzinga. Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, Wamazrui waligombania utawala wao kwa wao, na baadhi ya masheikh wa mji, waliochoka au waliochukizwa, wakamwita Sayyid Said kwa hiari yao. Mapema mwaka 1837 Ngome ilikuwa mikononi mwake. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, pamoja na wakubwa wa ukoo wake, walikamatwa kwa hila, wakatiwa chomboni, wakapelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Hapo napo palikuwa dikoni. Nisemavyo mimi, hakuna ukurasa katika maisha ya mtu huyu usioanza au kumalizikia majini. Aliishi miaka mitatu zaidi katika mji ambao bendera yake haikuwa yake, akafa mwaka 1840. Mwenyezi Mungu amrehemu. Marafiki zake wa Ngomeni, wale waliofia hapa kabla ya msiba, wana makaburi yao karibu na Ngome, nayo yamehifadhiwa. Waliofia Bandar Abbas wamo katika udongo wa wengine.

Sasa, mashairi yake yangetufikiaje? Alikufa bila ya chapa, na wengi waliomsikia walikuwa watu wa kamba na makasia. Lakini katika Mvita alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mtunzi, ambaye karibu nusu karne baadaye alizikusanya beti hizo kutoka vinywani mwa watu waliozihifadhi. Alimpa padri Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa akijifunza Kiswahili cha Mombasa, na akamfafanulia maana yake. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikaenda London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani yake, ikapigwa chapa Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake chenye maelezo marefu, ambacho kwangu ndicho kilichomrudisha Muyaka kwao. Nitamke wazi: twamshukuru padri, lakini bila ya Mwalimu Sikujua padri angekuwa na daftari tupu. Na bila ya wale mabaharia, hamali na wanawake wa majumbani ambao majina yao hayakuandikwa, Mwalimu Sikujua naye angekuta nini?

Ndiyo maana haya ya madiko hayaniachi nikalala. Ngome imelindwa, na mwaka 2011 imetiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Alhamdulillahi. Nyumba za Mji wa Kale zina sheria ya kuzilinda. Lakini diko halina mlango wa nakshi wala roshani ya kupigwa picha, kwa hivyo ni rahisi kulipoteza. Biashara kubwa ilihamia Kilindini ilipojengwa bandari ya maji makuu katika miaka ya 1920, na bandari ya kale ikaachiwa majahazi, kisha majahazi nayo yakapungua. Katika mwambao wetu huu, si Mombasa peke yake, kuna njia za kuteremkia pwani ambazo mtoto wangu mimi hakuweza kupita nilipopita mimi. Kumesimama ukuta, na juu ya ukuta vigae vya chupa. Mvuvi huzunguka na kasia begani. Ukimwuliza mwenye ukuta hukuonyesha hati. Ukimwuliza mvuvi, hana hati. Babu yake alishulia chombo hapo, basi. Sikupata kuona mtu aliyejenga ukuta mbele ya Ngome.

Mwezi uliopita, siku ya pili baada ya mwandamo, nilimteremsha mgeni wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka bara, aliyekuja kuniuliza juu ya Muyaka. Alikuwa na daftari na maswali yaliyopangwa vizuri. Tulipofika chini tulikuta mashua moja ya wavuvi, imekwisha kutengenezwa, iko juu ya magogo, na maji yameanza kujaa. Watu walikuwa kama wanane, wachache kwa kazi ile. Mzee mmoja mwenye kofia alitutazama, hakusema kitu. Nilivua viatu. Yule kijana alinitazama mimi, akalitazama daftari lake, akaliweka juu ya jiwe, akaja akashika kamba nyuma yangu.